Karai la Maji Ndani ya Datsun

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa Diwani, Mchungaji uliyetuombea kwa ufupi, Mungu akubariki kwa hilo, Sheikh pamoja na wazee wa msikiti, Ndugu Mwenyekiti Katuku na bodi nzima ya Chuo cha Ufundi Kilima Kidogo, walimu, wanafunzi mliovaa ovaroli mpya zisizo na hata tone moja la grisi, akina mama wenzangu mliotoka Ronge alfajiri, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Kuna mmoja sijamsalimu. Cheo chake sikijui, maana bodi bado haijaamua kama anacho. Amesimama kule nyuma karibu na tangi la maji, koti mkononi, na hali viti vitatu vya mbele viko wazi. Nitamfikia.

Kwa wasionijua, mimi ni Mable Wakio, muuguzi na mkunga, niliyestaafu Juni mwaka huu wa 1985 baada ya miaka thelathini ya kupokea watoto wa milima hii. Gari lile la rangi ya chungwa lililoegeshwa mbele ya karakana mpya, ambalo ndilo lililotukutanisha leo, ni langu mpaka nitakapoketi. Chuo kimeniomba nikipe gari hilo ili vijana wajifunzie ufundi, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Ufunguo huu hapa mkononi. Nimepewa dakika tano. Mwenyekiti, ndugu yangu, usiangalie saa. Mkunga hahimizwi kwa saa.

Nilifika hapa mapema nikaingia karakana kutazama. Ukutani nikaona mchoro mkubwa, umepakwa rangi vizuri, umeandikwa: Historia ya Gari Letu la Spoti la Milango Miwili, 1970 hadi 1985. Nikavaa miwani, nikasoma mstari kwa mstari. Nikafika mwaka wa 1973 nikakuta maneno haya, nayasoma kama yalivyo: "Gari lilifanyiwa marekebisho na wataalamu ili lihimili barabara za milima ya Taita."

Wataalamu! Wataalamu gani, jamani? Walitoka wapi? Walishuka gari-moshi la saa ngapi? Walilala nyumba gani, na nani aliwapikia chai? Mimi nilikuwepo, na mtaalamu sikumwona hata mmoja. Nilimwona mtu mmoja tu, amevaa viatu vya reli vilivyotoboka, anatoa jasho.

Basi niruhusuni niisome historia hiyo upya. Nina haki, kwa sababu nilikuwa ndani yake, tena kwenye kiti cha dereva.

Mwaka wa 1970 Wajapani walitoa Datsun 1200 ya milango miwili. Wazo lilikuwa zuri: mtu wa mshahara wa kawaida naye apate gari lenye sura ya mbio. Injini ndogo, gia nne, paa linaloteremka kwa mteremko mmoja mpaka kwenye buti, na mwili mwepesi mno. Wanaume wanne waliweza kuliinua upande wa nyuma na kulitoa mtaroni. Najua, kwa sababu waliliinua nami nikiwa ndani. La kwangu nililinunua 1972 kwa mhasibu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo.

Na watu walisema nini? "Nesi na gari la wahuni!" Kanisani niliombewa mara mbili. Mama mmoja aliniuliza kama natafuta mume au nimechoka na wokovu. Hakuna aliyefungua mlango akatazama ndani. Kiti cha nyuma cha gari lile kinakunjika, nafasi yake ikaungana na buti, na mwanamke mwenye uchungu anaweza kulala humo akanyoosha miguu. Nililinunua kwa ajili ya hilo. Nililipima kwa kujilaza humo mwenyewe, pale pale uani, mhasibu amesimama ameshika kofia hajui aangalie wapi.

Lakini gari lina dosari zake, na sisi tuna zetu. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na nyuma kwenyewe ni kwepesi. Enzi hizo kabla ya lami, mvua ikinyesha kwenye zile kona za kupanda Wundanyi, mkia wa gari unakwenda unakotaka wenyewe. Sisi watu wa milima tukapata dawa. Ndugu zangu, tusidanganyane, nani hapa mwenye gari hakuwahi kuweka gunia la mchanga kwenye buti? Naona mnacheka. Tuliweka gunia moja, tukaongeza la pili, juu yake kabichi za jirani, juu ya kabichi mgonjwa, na juu ya mgonjwa shemeji yake. Kufikia Machi 1973 gari langu lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia. Nikanunua springi mpya. Miezi miwili, zikalala tena.

Ndipo kibarua mmoja wa reli akaniambia, nenda kwa Ochola.

Philemon Ochola ni mtu wa Gem, kule magharibi. Aliletwa Voi na reli mwaka wa 1958, akiwa mhunzi, yaani mtu wa kufua chuma kwa moto. Nilimkuta nyuma ya nyumba zao za reli. Akazunguka gari mara moja, akafungua buti, akaona yale magunia, akafunga buti taratibu kama mtu aliyeona maiti. Akaniambia, "Sista, hii gari haina ugonjwa. Wagonjwa ni nyinyi. Mnabebesha mtoto mzigo ya punda."

Nikamjibu, "Nikitoa mchanga, si itateleza?"

"Itateleza kidogo. Mvua ikinyesha, toa upepo kidogo tairi ya nyuma, na uache kukanyaga mafuta kama unaua nyoka. Sasa toa mchanga, ingia ndani, mke wangu akupe chai."

Nimeinywa chai hiyo. Nimeona pia alichokifanya. Springi za nyuma za gari lile ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamepinda kama upinde. Aliyatoa mabamba moja moja. Aliyatia kwenye moto wa makaa, akalitazama kila bamba mpaka rangi aliyoitaka ikafika, akalipiga nyundo kwa kulifuatisha kipande cha kadibodi alichokikata kwa mkasi wa mkewe. Kisha akalizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, moshi ukatujaa. Akachukua bamba fupi kutoka kwenye springi ya lori bovu la shamba la mkonge, akalichonga, akaliongeza katikati. Gari likainuka inchi mbili. Hakuandika popote. Alipiga alama ya chaki ukutani, akasema, bado hatujamaliza.

Akaleta karai la bati, lile la kuogeshea watoto wake. Ndani ya karai alikuwa amekwaruza mstari kwa msumari, kiasi cha nusu. Akalijaza maji mpaka mdomoni, akaliweka nyuma ya gari, akanituma Mwatate na kurudi. "Maji ikishuka chini ya hii laini, springi ni mbaya, naanza upya. Ikibaki juu, basi mama mwenye tumbo atakaa." Mheshimiwa, alirudia mara tatu! Mara tatu nilikwenda Mwatate na karai la maji, watu wa barabarani wakadhani nesi amerukwa na akili. Mara ya nne maji yalibaki juu ya mstari, na mzee huyu, ambaye wakati huo hakuwa mzee, akacheka mpaka akakaa chini.

Jacinta, tafadhali simama. Simama mama, usione haya. Wengi mnamjua, anauza mboga pale sokoni. Mwezi wa Aprili 1974, mchana wa saa nane, mvua inapiga, huyu mama alikuwa amelala nyuma ya gari lile, mtoto amekaa vibaya tumboni na damu imeanza kutoka. Niliendesha kutoka Ronge kupanda hospitali ya Wesu kwenye matope, naye hakurushwa hata mara moja. Daktari aliniambia mtikisiko mmoja mkubwa ungemmaliza. Mama na mtoto walitoka hospitali kwa miguu yao, maana yake mama kwa miguu yake na mtoto mgongoni. Kaa, Jacinta. Sasa mtu aniambie ni wataalamu gani waliomfikisha Wesu!

Naendelea na historia. Mwaka wa 1973 huo huo Wajapani walitoa la pili, 120Y. Lilikuwa zito zaidi, limejaa mapambo, madirisha ya nyuma madogo hata ukirudi kinyumenyume unarudi kwa imani. Springi zilikuwa zile zile za bamba, na wenyewe wakaja kwa Ochola, kutoka Taveta, kutoka Mwatate. Kila mmoja alikwenda na karai lake Mwatate na kurudi. Datsun zilipopita kwenye Safari Rally wakati wa Pasaka, watu wetu walipiga makofi barabarani wakasema, Mjapani anajua. Mjapani anajua, sikatai. Lakini aliyejua shimo la Mwatate lina kina gani alikuwa amesimama kati yao, anapigwa vumbi.

Miaka ya mwisho ya sabini likaja 140Y, nalo nyuma halikuwa na bamba tena. Lilikuwa na springi za kujiviringa. Hapo, nakiri, nilimwona Ochola anavuta sigara moja baada ya nyingine. Chuma alichokijua kilikuwa kimeondolewa. Mwingine angesema basi, ufundi wangu ulikuwa ule wa zamani. Yeye alikwenda kiwanda cha mkonge, akaomba kipande cha mkanda wa mashine uliokatika, ile raba nene, akakata miduara, akaipachika juu ya springi. Karai likaenda Mwatate. Maji yakabaki.

Na mwaka wa 1982 likaja hili la mwisho, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ochola alilala chini yake karibu saa nzima. Alipotoka alisema, "Sasa hii inavutwa kama mkokoteni wa punda. Mzigo ya nyuma haisaidii kitu."

Mwenyekiti Katuku, ndugu yangu, nikuulize mbele ya watu, nami nakuheshimu: gari jipya la kwanza la aina hiyo kupanda Wundanyi lilikuwa la nani? Na ndani ya buti kulikuwa na nini? Magunia mawili ya mchanga! Ulishauriwa na mkwe wako, najua, na mkwe hakataliwi. Pua ya gari ikaelekea mbinguni, magurudumu ya mbele yakazunguka bure kwenye matope, nawe ukakaa pale kona ya tatu na suti yako kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Nani alipandishwa kutoka Voi? Nani alifungua buti, akamwaga mchanga wako barabarani, akakuambia, "Sasa endesha, mzee"? Gari likapanda kama mbuzi. Ulishuka ukampa mkono. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni, niliona kwa macho yangu.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo moyo wangu unapochemka.

Mzee Ochola alistaafu reli mwaka jana. Nyumba ya reli anatakiwa aiache. Chuo hiki kilipotangaza kinatafuta mwalimu wa magari, alivaa hilo koti mnaloliona, akaleta barua aliyoiandika kwa mkono wake. Jibu alilopewa amenionyesha na kuniachia, nami nimelisoma mpaka nimelikariri. Bodi inasema imeshukuru, lakini mwombaji hana cheti cha ufundi, kwa hiyo hawezi kufundisha. Halafu, kwa ukarimu wake, bodi inamwambia kuna nafasi ya askari wa lango la karakana. Askari! Apewe rungu na tochi, alilinde gari alilolitengeneza mwenyewe, wakati ndani wanafunzi wanasoma ukutani kwamba lilitengenezwa na wataalamu!

Wanaume wa bodi, hamkuona aibu mlipoipiga taipu barua hiyo? Hakuna hata mmoja wenu aliyekumbuka gari lake lilinyanyuliwa na mikono ya nani? Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo ni ya kazi yangu, naijua kuliko ninyi. Barabara za Taita bado zipo. Springi zitavunjika tena, na siku hiyo mtakwenda kubisha hodi nyumba za reli mkute anaishi mtu mwingine.

Maana anaondoka. Alhamisi hii. Tiketi ya gari-moshi ameshanunua, vyombo vimefungwa, nyundo zake zimo ndani ya gunia. Ameniambia, "Sista, mimi sina kinyongo. Nyumbani kuna shamba." Mtu anayesema hana kinyongo huku hakutazami usoni, mimi mkunga namjua.

Na sasa nitaje kosa langu, nisije nikaonekana mtakatifu. Mwaka wa 1976, kwenye maonyesho ya wilaya kule Wundanyi, nilipewa kikombe. Kiliandikwa, kwa muuguzi na gari lake lisiloshindwa na mlima. Mgeni wa heshima wa siku hiyo aliniuliza siri yake ni nini. Nikasema, ni Mungu na uangalifu. Mungu na uangalifu! Ochola alikuwa uwanjani, mbali kidogo tu na jukwaa, amekuja na watoto wake, na mimi sikumtaja. Nilipenda kupigiwa makofi peke yangu. Kikombe kile kimekaa kabatini kwangu miaka tisa, na kila nikikipangusa vumbi naona haya. Kwa hiyo lile neno "wataalamu" ukutani halikuanzia kwa bodi. Lilianzia kwenye mdomo wangu.

Mheshimiwa, wewe si mtu wa hapa, niruhusu nikueleze. Sisi Wadawida, watu wa milima hii ya Taita, tuna desturi ya kutasa. Mtu akiwa na hasira na mwenzake, wazee hawakumwacha akae nayo, kwa sababu hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa nyumbani na ukame shambani. Walimpa funda la maji au la pombe ya miwa. Akaitaja hasira yake wazi, akayapuliza yale maji, ikawa imetoka. Lakini kwanza aitaje. Ukipuliza bila kutaja, umejilowesha tu.

Mchungaji, usinitazame hivyo. Ni maji.

Kikombe hiki kilicho mbele yangu hakikutoka jikoni kwa chuo. Asubuhi ya leo kule Ronge nililijaza maji karai la Ochola, nililoazima kwake, mpaka mdomoni, nikaliweka nyuma ya gari kama zamani, nikaendesha kushuka kupitia Mwatate mpaka hapa. Springi ni zile zile za mwaka wa 1973. Nilipofika nilichota kikombe hiki, na hata baada ya kuchota maji bado yako juu ya mstari wa msumari. Karai limo ndani ya gari sasa hivi. Ukitoka hapa, Mheshimiwa, fungua buti utazame. Bodi ilitaka cheti cha huyu mtu. Cheti chake ndicho hicho, ni cha bati na kimelowa.

Nimeshataja hasira yangu kwa bodi, na nimetaja hasira yangu kwa nafsi yangu. Basi napuliza.

Hivyo. Mnisamehe ninyi wa safu ya mbele, mtakauka. Yangu imetoka, na Mungu ni shahidi. Iliyobaki ni ya kwenu.

Sasa kazi niliyoitiwa, ya kukabidhi ufunguo. Ratiba inasema nimpe Mwenyekiti. Mwenyekiti, shusha mkono, hutapewa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, nami nimechelewa kuitoa kwa miaka kumi na miwili. Vijana wa ovaroli, fungueni njia katikati. Mwalimu Ochola! Ndiyo, wewe, usitazame nyuma, nyuma yako kuna tangi tu. Weka hilo koti chini, uje. Njoo taratibu, hatuna haraka, hata yule mwenye saa ameshaivua.

Shika. Gari hili nalitoa kwa chuo, lakini ufunguo wake utakaa mfukoni mwako. Ukipanda gari-moshi Alhamisi, panda nao uende nao Gem. Gari litabaki hapa bila kuwaka, na kila mgeni atakayeuliza kwa nini haliwaki, wamjibu wenyewe.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, barua ya bodi ninayo hapa, naiweka mbele yako pamoja na kalamu. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko mlivyopanga. Mimi nimemaliza, nakaa. Mzee Ochola atabaki amesimama mpaka mtu amwambie kiti chake ni kipi.